Sokwe Yule Hakuwa Akicheka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwenye kunena na asiyenena. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, makala hii naiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukataza jambo ambalo watu wengi wameliona dogo hata wakalifanya burudani. Ya pili, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi, ni kurejea katika jibu nililolitoa kwa ulimi wangu mwenyewe, mbele ya watu, miaka mitatu iliyopita, nalo lilikuwa jibu baya. Aliyekosea hadharani ni wajibu wake arejee hadharani. Wazee walisema kuwa ulimi hauna mfupa. Na ulimi wa mwenye kilemba hauna mfupa vilevile, walakini mzigo wake ni mzito zaidi, kwa sababu watu huufuata.

TUMBILI WA GATINI

Wenye kusafiri baina ya mji wa Mwanza na Sengerema wanaijua Kamanga. Hapo ndipo abiria wanaposhuka baada ya kuvuka ghuba, na hapo ndipo wanapongoja wenye kwenda mjini. Penye kungoja hapakosi biashara: dagaa, sato wa kukaanga, ndizi, maji, na maneno mengi. Katika hao wenye kutafuta riziki alikuwepo, na hata leo yupo, kijana mmoja mwenye tumbili.

Kijana huyo simtaji jina. Juzuu Amma aliisomea kwangu, na adabu yake ni njema. Baba yake alifariki naye akabaki na mama na wadogo zake. Tumbili wake amemfunga mnyororo kiunoni, akamvalisha kaptula ya mtoto mchanga na kofia. Akimwambia "askari!" tumbili hupiga saluti. Akimwambia "mlevi!" tumbili huyumbayumba na kuanguka. Akimwambia "bi harusi!" hushika kioo na kujipakapaka uso. Watu hucheka mpaka machozi yakawatoka, na sarafu huanguka kwenye kopo.

Kulikuwa na mchezo wa nne. Kijana alikuwa akisema "Maalim!" na tumbili akiinama na kusujudu. Habari hizo ziliponifikia nilikasirika sana. Nikamwita baada ya sala ya Ijumaa, na mbele ya jamaa waliokuwepo akaniuliza, "Maalim, je, kazi yangu hii ni halali?" Nami nikamjibu kwa maneno haya: "Sala usiichezee. Hayo mengine ni mchezo tu. Mlishe mnyama wako vizuri, basi."

Itazame vema fatwa hiyo, ndugu msomaji. Nililinda heshima ya kazi yangu, nikalinda kilemba changu, na kiumbe aliyefungwa mnyororo nikamwachia kopo la chakula. Tokea siku ile kila aliyemlaumu kijana alijibiwa, "Maalim kasema halali." Na mimi mwenyewe nilipopita gatini nilitoa sarafu, na wallahi nilicheka.

HADITHI YA MZEE WA SARAKASI

Mwaka jana, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa gatini nikingoja kwenda mjini. Tumbili akaanza mchezo wake na watu wakamzunguka. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami, umri wake umeshapita sabini, akainuka akaenda kusimama pembezoni mwa maji, akatupa kisogo. Nikamfuata, nikamwuliza kama hana afya njema.

Akasema, "Afya ninayo, Maalim. Mchezo ule niliucheza mimi."

Mzee yule alikuwa mwana sarakasi katika ujana wake. Alianza kwa kurukaruka na kupanda mabegani kwa wenzake katika kumbi za mijini kwetu, kisha kikundi chao kikachukuliwa kwenda Ulaya, wakawa wanazunguka na sarakasi moja ya huko kutoka mji hata mji. Katika sarakasi hiyo walikuwemo sokwe watatu. Walivalishwa suruali na koti, wakapanda baiskeli, wakaketi mezani kumiminiana chai, na mmoja wao alitiwa sigara kinywani. Nitayaeleza aliyonieleza kwa kadiri nilivyoyashika.

Alisema: "Mdogo wao aliletwa ndani ya sanduku, naye amekumbatia kitambaa. Ukimtoa kitambaa alipiga kelele. Ukimnyanyua alikushika kifuani kwa vidole vyote, hata kumbandua ilikuwa kazi. Nikamwuliza mfunzi wake, mama wa mtoto huyu yuko wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. Akasema, mama hawezi kukupa mtoto, ni lazima auawe kwanza."

Alisema: "Mfunzi yule hakuwa mtu katili nyumbani kwake. Sokwe mmoja alipopata homa alikesha naye. Lakini ndani ya mkono wa koti lake aliweka kijiti kifupi. Walipokuwa wadogo walikwisha kukijua. Wakiwa uwanjani alikuwa akigusa tu mkono wa koti kwa vidole viwili, na wote watatu wakapanda baiskeli. Watu walisema, tazama wanavyompenda!"

Alisema: "Yule mdogo alikuwa akitoa meno yote nje, ya juu na ya chini, na watoto wakipiga makofi wakisema anacheka, anacheka. Nami nilidhani hivyo. Siku moja mfunzi akaniambia, hacheki huyu, anaogopa. Sokwe akicheka kweli hulegeza kinywa na kuhema. Akikuonyesha meno yote hivi, hofu imemjaa. Tokea siku hiyo, Maalim, nilikuwa nikikisikia kicheko cha watu kama mawe juu ya bati."

Alisema: "Niliumia kifundo cha mkono, nikafungwa bendeji. Usiku nilipita penye vizimba vyao. Yule mkubwa akatoa mkono baina ya vyuma, akaushika wangu, akaifungua bendeji taratibu, mzunguko mmoja baada ya mmoja. Akalitazama jeraha. Akaondoa uchafu pembeni kwa ncha ya ukucha wala sikuhisi maumivu. Wenzangu wa kibinadamu hawakuniuliza hali yangu siku ile."

Na mwisho alisema: "Bwana mwenye sarakasi akataka jambo jipya. Akaniamuru nivae ngozi ya chui, nitoke ndani ya sanduku moja pamoja na sokwe huku ngoma ikipigwa. Nilikubali, maana nilikuwa nataka mshahara. Watu wakatucheka sote wawili kwa kicheko kimoja. Mkataba ulipokwisha nikarudi nyumbani. Yule mkubwa alikuwa ameshakuwa na nguvu za kuogopwa. Walimng'oa meno, kisha wakamuuza, wala sikujua kwa nani. Maalim, mimi nilikuwa na pasi mfukoni. Yeye hakuwa nayo."

Kivuko kikapiga honi, watu wakasukumana, na mzee akapotea katika msongamano. Nilifika mjini nikiwa nimesahau nilichokiendea.

HAYA SI YA MBALI

Huenda msomaji akasema, hayo ni ya Wazungu na mahema yao. La. Haya yana mkono katika ziwa letu hili hili.

Upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Nyanza kiko kisiwa cha Rubondo, ambacho tangu mwaka 1977 ni Hifadhi ya Taifa. Baina ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt na shirika lake la uhifadhi, aliwaleta huko sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengi wao walizaliwa katika misitu ya Afrika ya Magharibi wakakamatwa wangali wadogo. Wengine walikwisha kukaa miaka mingi nyuma ya vyuma. Walifunguliwa kisiwani bila ya kufundishwa tena maisha ya mwituni.

Yaliyofuata yana mazingatio mawili. La kwanza: wengi wa viumbe hao, ambao mwanadamu aliwafundisha mambo yasiyowafaa, waliyakumbuka au waliyagundua yanayowafaa. Walitafuta matunda na majani ya msitu wasioujua. Walipanda mitini na kusuka vitanda vya matawi jioni, kama wafanyavyo sokwe wote. Wakazaana, na wajukuu wao wako Rubondo hata leo, wala hapana miongoni mwao ajuaye baiskeli wala sigara. Na la pili: walikuwemo madume ambao kwa kuwa walikwisha kuwazoea wanadamu hawakuwakimbia, bali waliwashambulia, nao wakapigwa risasi. Sisi ndio tuliowaondolea hofu ya kimaumbile, kisha tukawaua kwa kukosa hofu hiyo.

Wala si wote wanaopata hata nafasi hiyo. Ujerumani alikuwepo sokwe aitwaye Robby aliyefahamika kwa kuishi miaka mingi katika sarakasi. Wakuu walitaka ahamishwe aishi na sokwe wenzake. Kesi ikafika mahakama ya juu ya Lüneburg, na mwaka 2018 ikaamuliwa abaki alipo, kwa kuwa amekwisha kuwazoea wanadamu mno na kumhamisha kungeweza kumdhuru. Zingatia hapo! Dhulma ilikuwa ndefu hata tiba yake ikahofiwa kuliko ugonjwa.

Na yule kijiti wa mkono wa koti ana ndugu zake wakubwa. Tarehe 31 Januari 1961 Wamarekani walimrusha angani sokwe aitwaye Ham, aliyezaliwa katika misitu ya Kamerun. Kabla ya hapo alifunzwa kuvuta vipini: akipatia hupewa kidonge cha ndizi, akikosea hupigwa shoti ya umeme kwenye nyayo. Baada ya kurudi picha yake ikaenea duniani, meno yote nje, na watu wakasema anafurahi. Wanaowajua sokwe waliitazama picha hiyo hiyo wakaona hofu kubwa.

Ama kuhusu mama na mtoto, ushahidi uko hapa hapa Tanzania. Katika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Bibi Jane Goodall, aliyefariki mwezi wa Oktoba 2025, alianza mwaka 1960 kuwachunguza sokwe mmoja mmoja. Alikuwepo jike mzee aliyemwita Flo, na mwanawe, Flint. Flo alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa amekwisha kupita miaka minane, anajua kula na kupanda peke yake. Akajikunyata, akaacha kula, na wiki chache tu baada ya mamaye naye akafa. Sasa mpime yule mdogo wa mzee wetu, aliyeletwa ndani ya sanduku na kitambaa chake.

Na biashara hiyo haijakwisha. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2002 wanalelewa sokwe mayatima ambao mama zao wameuawa na wawindaji. Katika kisiwa cha Ngamba, upande wa Uganda wa ziwa hili letu, kipo kituo cha namna hiyo tangu mwaka 1998. Mayatima hawaanguki kutoka mbinguni. Kila yatima ana mama aliyeuawa.

WANAYOYASEMA WAPINZANI

Tangu nilipoanza kulisema jambo hili barazani nimepingwa, tena na watu wa elimu. Nitazitaja hoja zao bila ya kuzipunguza.

Hoja ya kwanza wanasema: Mwenyezi Mungu amewatiisha wanyama kwa ajili yetu. Ni kweli, na anayelikanusha hilo amekanusha Kitabu. Lakini kutiishiwa si kupewa ruhusa ya kudhalilisha. Ng'ombe umetiishiwa ulime na unywe maziwa, punda abebe, mbuzi umchinje ule. Hata katika kuchinja, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Dini iliyoweka adabu katika saa ya kuua, yawezekanaje isiweke adabu katika saa ya kucheza? Imepokewa na Abu Dawud kwamba ngamia alipomwona Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi, naye akamwita mwenye ngamia, kijana wa Kiansari, akamlaumu kwa kumtesa kwa njaa na kazi nyingi. Ngamia ametiishwa kwa kazi, na juu ya hivyo malalamiko yake yalisikilizwa. Je, asiyefanya kazi yoyote ila kutuchekesha?

Hoja ya pili wanasema: nyani na sokwe ni kizazi cha watu waliolaaniwa wakageuzwa, basi kuwadhalilisha si neno. Hoja hii nimeisikia hata kwa walimu, nayo ni ujinga uliovaa joho. Katika Sahihi Muslim imethibiti kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa jambo hili hili, akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuwajaalia waliogeuzwa kuwa na kizazi, na kwamba nyani walikuwepo kabla ya hapo. Basi tumbili wa Kamanga hana deni la mtu yeyote.

Hoja ya tatu wanasema: Maalim amekuwa mfuasi wa Darwin, anawatetea jamaa zake. Walinicheka kwa hili, nami niliwaacha wacheke. Lakini jibu ni jepesi. Yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfunga paka mpaka akafa, alikuwa na udugu gani na paka? Yule aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, walikuwa ukoo mmoja? Haki ya kiumbe haitokani na kufanana nasi. Inatokana na Aliyemuumba. Mimi sikumtetea sokwe kwa kuwa ana vidole kama vyangu. Namtetea kwa kuwa anaumia, na Mola wake anamwona.

Hoja ya nne ndiyo ya wasomi. Wananiletea hadithi ya Abu Umair, mtoto mdogo aliyekuwa na kidege akichezea, na Mtume (S.A.W.) akamtania kwa upole akimwuliza habari za kidege chake kilipokufa. Wanasema: hii ni dalili ya kufaa kuweka mnyama wa kuchezea. Nami nasema: ni kweli, na wanavyuoni wamelisema hilo, walakini wameshurutisha asiteswe. Tena tazameni mtoto yule alikuwa katika hali gani: alikuwa na huzuni kwa sababu kidege kimekufa. Mimi sisemi kuwa kufuga ni haramu. Nasema kuwa kumfunga, kumpiga kwa siri ili atii hadharani, na kuifanya hofu yake kuwa kichekesho, hakuwi halali kwa hadithi ya mtoto aliyemlilia ndege wake.

Na mimi nina yangu ya kuwaletea. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ibn Umar aliwapitia vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege wakimfanya shabaha. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Vijana wale hawakuwa na njaa, walikuwa wakicheza. Tena Abu Dawud amepokea kuwa masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuuliza ndege yule ana akili kiasi gani. Aliuona uchungu, akaamuru. Ningependa kujua mwindaji aliyemletea mfunzi lile sanduku angemjibu nini.

Na mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, aliziandika haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake: amlishe na kumtunza hata akizeeka au akiugua hata asiwe na manufaa naye, na asimchinje mtoto wake mbele yake. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Lile hema lililomng'oa sokwe meno kisha likamuuza lilikuwa la miaka yetu hii ya maendeleo!

KICHEKO KIMOJA

Ipo hoja ya tano, nayo inauma kwa kuwa ina ukweli ndani yake: watu wana dhiki, mama za watu hawana chakula, na Maalim anamlilia tumbili.

Ndugu msomaji, nilipewa hoja hii nikanyamaza siku mbili. Kisha nikakumbuka ile ngozi ya chui. Mwaka 1906, katika jiji la New York, kijana wa Kikongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, pamoja na nyani mkubwa wa Asia, na watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Wachungaji weusi wa huko walisimama wakapinga mpaka akatolewa. Alijiua mwaka 1916. Nani aliyefungua mlango wa kizimba kile? Ni watu waliokwisha kuzoea kumtazama aliyefungwa na kucheka. Moyo hauna vyumba viwili, kimoja cha ukatili kwa mnyama na kimoja cha huruma kwa maskini. Wazee walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini mkono uliozoea kumchoma nguruwe haukumaliza mazoezi yake hapo.

Na kuhusu hiyo dhiki, nitasema jambo litakalowachukiza wengi. Kijana wetu na wadogo zake walikuwa na njaa kabla ya kumpata tumbili. Walipita gatini wakiwa mikono mitupu, na sisi tuliwapita. Alipokuja na mnyororo ndipo mifuko yetu ikafunguka. Yatima hatukumpa kitu, tumbili wa yatima tukampa! Basi nani aliyemnunulia kijana mnyororo ule? Siku watazamaji wakiacha kutupa sarafu, jioni yake mnyororo utafunguliwa. Na siku Maalim alipotupa sarafu yake, aliukaza.

NINALOLITAKA

Kwanza, nasema kwa maandishi na mashahidi wawe wasomaji wote: jibu nililolitoa baada ya sala ya Ijumaa nimelifuta. Kumfunga mnyama wa mwituni na kumfanyia kazi hiyo ni dhulma, na chumo linalotokana na dhulma lisitafutiwe kilemba cha mtu wa kulihalalisha. Astaghfirullah kwa nililolisema.

Pili, kwako wewe mwanangu. Najua utasomewa makala hii. Sikukutaja na sitakutaja. Fahamu kuwa jambo hili lina hatari hata kwa serikali: ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mnyama wa mwituni hawekwi bila ya idhini. Lakini usimfungue tu usiku ukamtupa vichakani, maana Rubondo imetufunza kuwa aliyemzoea mwanadamu huweza kudhuru na kudhuriwa. Nenda kwa maafisa wa wanyamapori umkabidhi, nami nitakwenda pamoja nawe, bega kwa bega, nieleze kuwa ulifanya kwa jibu langu.

Tatu, kwa jamaa wa msikiti. Maneno matupu hayajazi chungu. Nimeshaweka fungu langu kwa mweka hazina ili kijana huyu apate mtaji wa dagaa. Fungu hilo ni dogo, ni la mwalimu wa chuo. Kila aliyewahi kucheka gatini na atoe kiasi kile kile alichowahi kukitupa katika kopo, basi mtaji utatimia na kuzidi. Hata ninapoandika haya haujatimia.

Nne, kwa walimu wenzangu. Tusingoje mpaka mnyama afanywe asujudu ndipo tukasirike. Nilikasirika kwa sababu nilijiona mimi katika mchezo ule. Laiti ningalimwona yeye.

Na wewe msomaji, ukiletewa katika simu yako picha ya sokwe aliyevalishwa suruali, meno nje, na wenzako wakikuambia "tazama anavyocheka", usiipeleke kwa mwingine. Waambie kwamba hacheki. Waambie yuko mzee mmoja aliyefanya kazi naye, aliyefunguliwa bendeji naye, ndiye aliyesema.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye unayezisikia sauti zisizo na maneno. Usituhesabu miongoni mwa waliowatisha wanyonge kisha wakaketi kuwacheka. Mpe kijana wetu riziki isiyo na mnyororo, na utusamehe sisi tuliomtupia sarafu. Amin.

Wabillahi taufiq.